Kiunzi Kipya cha Gari la Kale

Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu. Wapasuaji mbao wa mkoa wa Ruvuma wameuzoea. Mgeni ndiye asimamaye kuutazama ukichuruzika gogoni, akajiuliza kama mti nao una mishipa. Ukishakauka, ubao wake huwa wa kahawia iliyochanganyika na wekundu, na maseremala wa Songea huupenda kwa milango, vitanda na makabati. Sifa zake mbili zajulikana na kila mwanafunzi wa randa: hausinyai wala kupinda ovyo, na mchwa hauuwezi kwa urahisi.

Basi na ichukuliwe kwamba katika karakana mojawapo ya mji huo, siku moja ya kiangazi, linaletwa gari. Mfano ni wa kubuni, lakini viungo vyake ni vya kweli. Gari lenyewe ni Morris Minor Traveller, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1953 na 1971. Mbele yake ni gari kama mengine, chuma kitupu. Nyuma ya milango ya mbele huanza nyumba ndogo ya mbao: nguzo, boriti na vizingiti vya mti wa Ulaya uitwao eshi, vyote vikiwa wazi nje kwa macho ya wapita njia, vimepakwa vanishi, na baina yake vimeshikilia mabamba ya aluminiamu. Mbao hizo si pambo. Ndizo zibebazo paa na vioo, na wakaguzi wa magari huko Uingereza huzihesabu kuwa sehemu ya uimara wa gari sawasawa na chuma. Zikioza hizo, gari halina nyuma.

Mwenye gari amekwisha kufariki. Waliolileta ni wanawe watatu. Mkubwa anataka litembee tena, lipande Matogoro na kushuka, kama alivyoliona utotoni. Wa pili anataka liuzwe, kwani amesikia kwamba wako watu wa Ulaya na Nairobi wanaotoa fedha nyingi kwa gari la aina hiyo, mradi liwe la asili. Wa tatu ni binti, na haja yake ni ndogo kuliko za kaka zake, na kwa hiyo ni ngumu zaidi. Iko nguzo moja ya nyuma, upande wa kulia, ambayo marehemu alikuwa akiiegemea kila aliposubiri injini ipoe. Vanishi imekwisha mahali hapo na ubao umelainika kwa kiganja chake. Binti anataka nguzo ile isiguswe.

Seremala anageuza patasi, anagonga kwa mpini wake kizingiti cha chini, anasikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Anageuza patasi tena na kusukuma kwa kidole tu, nayo inazama kana kwamba inaingia katika mkate. Anazunguka gari lote kwa mtindo huo, kimya, kisha anatoa hukumu: vipande saba katika kila kumi havifai. Na nguzo ya kulia ni mmoja wa wagonjwa mahututi.

*

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Kiunzi ni umbo la miti linaloshikilia kitu kingine, na kiunzi cha mifupa ndicho kinachoubeba mwili wa mtu. Waunda magari ya kwanza wasingelishangaa kusikia hivyo. Wao walirithi ufundi wa waunda magari ya farasi, wakajenga kwanza mifupa ya mti na kisha kuivika ngozi ya bati. Kwa miongo kadhaa kampuni kama Rolls-Royce iliuza injini na chesi peke yake; mnunuzi alipeleka chesi kwa fundi mwingine akajengewa bodi, na aghalabu kiunzi cha bodi hiyo kilikuwa cha eshi. Kampuni ya Morgan, iliyoko Malvern nchini Uingereza, haijaacha kutumia eshi hata katika karne hii.

Sababu ya kuchaguliwa mti huo si uzuri. Eshi hupindika kwa mvuke na kuvumilia mtikisiko, hutoa kidogo kisha ikarejea, jambo linalotakiwa katika kitu kinachorushwarushwa barabarani. Kosa lake ni moja: haipatani na unyevu. Maji hujikusanya chini ya vioo na katika kona za vizingiti, skrubu za chuma hushika kutu, kutu hugeuza ubao unaoizunguka kuwa mweusi, na baada ya hapo bungua na ukungu humaliza kazi. Songea mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili, halafu hufuata miezi ya ukavu na baridi. Ubao huvimba nusu mwaka na kusinyaa nusu mwaka. Viungo hufunguka polepole, kama kinywa cha mtu aliyesinzia.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kwenda mbali kuyaelewa haya. Daladala za mbao, zilizoundwa na maseremala juu ya chesi za malori madogo, zilibeba vizazi na vizazi vya watu na makapu yao kwenda mashamba na kurudi mjini. Ubao ukivunjika uliondolewa, mwingine ukapigiliwa, na gari likaondoka alasiri ile ile. Hakuna abiria aliyemwuliza utingo kama hilo ndilo gari la jana. Swali kama hilo huzuka pale tu gari linapoacha kuwa chombo cha safari na kuanza kuwa urithi.

Wagiriki walilisema kwa njia ya merikebu. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakidai kuwa ni ile ile, wale wakikana. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza chumvi katika kidonda. Itakuwaje, aliuliza, iwapo mtu atazikusanya zile mbao zilizotupwa na kuunda merikebu nyingine kwa mpango ule ule? Ipi kati ya hizo mbili ni ya Theseus? Suali ni tamu, ila yaonyesha kwamba Hobbes hakuwahi kushika ubao uliobunguliwa. Zilizotolewa katika gari la Songea hazitaunda gari jingine. Nusu yake zitabaki sakafuni zikiwa unga.

Pwani ya Waswahili haikumngoja Plutarch. Mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulikuwa na maisha ya namna hiyo hiyo. Kamba huchoka kabla ya ubao, na kila baada ya muda chombo hakina budi kufumuliwa na kushonwa upya. Nahodha aliyeurudisha baharini mtepe wake hakusema kwamba amepata mwingine. Mitepe ya kazi ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ule uliokuwa ukionyeshwa ndani ya Beit al-Ajaib, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, uliundwa Unguja mwaka 2003. Ulikuwa wa sura ya kale na ulishonwa kwa njia ya kale, lakini hakuna aliyethubutu kuuita mtepe wa kale. Mtepe wa nahodha, uliofumuliwa na kushonwa tena na tena, haukuwa na kamba yake ya kwanza hata moja, na ulikuwa wa zamani. Huu mwingine ulifanana na wa zamani kuliko hata wa zamani wenyewe, nao ulikuwa mpya. Basi kufanana si hoja. Hoja iko kwingine.

*

Mwaka 1990 suali hilo liliingia Mahakama Kuu ya Uingereza, na safari hii lilikuwa na bei: kiasi cha pauni milioni 10. Gari lililoshindaniwa lilikuwa Bentley Speed Six lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929, na tena mwaka 1930. Mwaka 1932 lilipata ajali katika uwanja wa Brooklands, na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Baadaye lilivishwa bodi nyingine likawa gari la barabarani. Tangu mwanzo wa maisha yake lilikuwa likibadilishwa, leo hiki kesho kile, kama ilivyo desturi ya magari ya mashindano. Mnunuzi alikubali bei, kisha akarudi nyuma akidai kwamba gari aliloletewa si lile lililoshinda, kwa kuwa karibu hakuna chuma cha mwaka 1929 kilichobaki ndani yake.

Jaji Otton alisikiliza wataalamu wakilipekua gari hilo kipande kwa kipande. Akakubali kwamba vilivyobaki kutoka mwaka 1929 ni vichache sana. Juu ya hayo yote akaamua kwamba gari hilo ni Old Number One, na kwamba hakuna jingine, lililopo au lililokwisha kutoweka, liwezalo kulidai jina hilo. Kilichouzwa, kwa maoni yake, kilikuwa historia na sifa pamoja na chuma.

Hukumu hiyo yavutia, na kaka wa pili wa Songea angeipenda mno kama angeisikia. Tena ni ya haki. Mabadiliko ya Bentley lile yalitokea moja baada ya jingine, kazini. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusimama na kusema kwamba leo gari la kwanza limekwisha na la pili limeanza. Lakini iko hatari ndani yake. Historia ikishakuwa ndiyo bidhaa, chuma na mbao hugeuka kuwa kisingizio, na mtu mwenye kadi ya gari na bamba la namba ataweza kujenga gari zima kuzunguka karatasi. Nasaba bila ya mwili ni hadithi. Jaji alikuwa na wataalamu na vitabu vya kumbukumbu. Mnunuzi wa gari la Songea atakuwa na neno la muuzaji basi.

Ndiyo maana inafaa kurudi karakanani na kutazama jinsi kazi yenyewe inavyotendeka, kwa kuwa mikono ya fundi ina jibu ambalo wanafalsafa hawakuliuliza.

Fundi mjinga huvunja kiunzi chote kwa siku moja, akasafisha sakafu, kisha akaanza kujenga. Fundi mjuzi hafanyi hivyo hata akiahidiwa mara mbili ya ujira. Kwanza huifunga bodi kwa miti na vyuma vya muda ili isicheze. Milango ya nyuma huiacha ikining'inia mahali pake, kwani nafasi iliyopo baina ya mlango na nguzo ndiyo kipimo pekee kisichosema uongo. Kisha hutoa kipande kimoja. Hata kama kimeoza kiasi cha kumomonyoka, hukiokota chote, hukipanga juu ya ubao mpya kama mtu anayepanga vigae vya chungu kilichovunjika, na kwa kuzifuata kingo zake huchora kwa kalamu. Hukata, hupiga randa, huchonga ulimi na tundu lake, hurudisha, hufunga mlango, hutazama. Ndipo aendapo kwenye kipande cha pili. Vile vya zamani havitupi hata siku ya mwisho ya kazi, kwa sababu gari la aina hiyo likifika Songea haliji na michoro ya kiwanda. Ubao uliooza ndio mchoro.

Kwa njia hiyo kila kipande kipya kimekatwa kwa kufuata cha zamani, kikakaa mahali pake kikizungukwa na vya zamani, na baadaye chenyewe kikawa jirani na shahidi wa kitakachofuata. Umbo linapita kutoka ubao hadi ubao kwa kugusana. Ni silsila, kama ile ya wapokezi wa habari ambapo kila mmoja amemsikia aliyemtangulia kwa sikio lake. Gari lililobomolewa lote kwa pamoja, kisha likajengwa kwa kukisia au kwa picha, silsila yake imekatika, hata kama mbao zake ni za eshi iliyoletwa kutoka Uingereza na kila skrubu imenunuliwa kwa muuzaji halali. Na gari lililobadilishwa vipande tisa katika kumi kwa taratibu ile ya kwanza laweza kuwa ni lile lile, hata ikiwa vipande hivyo ni vya mninga.

Hata hivyo silsila ina utata wake. Ubao wa zamani husema kweli kwa sehemu tu. Kizingiti kilichobeba uzito kwa miaka 50 kimelegea katikati. Nguzo iliyonyonya maji imevimba. Boriti ya paa imeinama upande ambao mizigo ilifungwa. Fundi akikinakili kipande kama kilivyo, atanakili na ugonjwa wake, na paa jipya litakaa upande kama lile la zamani. Akikinyoosha, atakuwa anatii matakwa ya waliolitengeneza huko Uingereza dhidi ya maisha ambayo gari limeishi Songea. Nani mwenye haki zaidi juu ya umbo la kitu, aliyekiunda au aliyekitumia? Fundi wengi hunyoosha, na hupima upande mzima ili kusahihisha upande mbovu, kama vile mtu anavyolijua jicho la kushoto kwa kulitazama la kulia. Wanafanya vyema, kwa kuwa gari lililopinda litakivunja kioo chake lenyewe. Lakini na ijulikane kwamba katika kunyoosha huko kuna kitu kinachofutwa, na mkono unaofuta si wa mwenye gari.

Wapenzi wa ushairi wamewahi kuyaona haya penginepo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua kwa ajili ya W. E. Taylor, na diwani ikaja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo cha mshairi. Mnakili wa diwani yoyote ya namna hiyo hukabiliwa na kizingiti kilichooza: mshororo uliopungua mizani, kina kilichopotea, neno ambalo msimuliaji mmoja alilisema hivi na mwingine vile. Akilitengeneza, shairi litasomeka na sifa itamwendea marehemu. Akiacha pengo, shairi litachechemea ila litakuwa la kweli. Mnakili mwaminifu hufanya lote mawili: hutia neno linalofaa, na huonyesha pambizoni kwamba hapo pana mkono mwingine. Afichaye alama hiyo amemwibia msomaji haki ya kuamua, na amemzushia marehemu, hata kama neno alilotia ni zuri kuliko lililopotea. Hasa likiwa zuri kuliko lililopotea.

Na mninga, katika mfano huu, ni neno zuri kuliko lililopotea. Utavumilia mvua za Ruvuma kuliko eshi na utamdharau mchwa. Wauza vipuri wa Uingereza wanayo eshi iliyokwisha kuchongwa, lakini kuileta hadi Songea, karibu kilomita 950 kutoka bandari ya Dar es Salaam, ni gharama ambayo ndugu watatu hawataimudu. Wapo wanaoshikilia kwamba gari la Kiingereza litiwe mti wa Kiingereza au liachwe life. Msimamo huo una heshima yake, ila umesahau kwamba gari lina watu wawili, aliyelitengeneza na aliyelitumia, na huyo wa pili alikuwa mtu wa Songea. Kilomita zake zote limezitembea juu ya udongo wa kusini. Likitengenezwa kwa mti wa huko halitakuwa limechezewa. Litakuwa limekubali hatimaye kuwa ni la huko. Ya kulaumiwa si mbao hizo. Lawama ingemwangukia yule ambaye angemwuzia mtu kwa neno asili bila kuutaja mninga.

*

Hadi hapo kaka mkubwa amepata haki yake na kaka wa pili amepata sharti. Binti hajapata kitu. Madai yake hayajibiwi na silsila, wala na jaji. Yeye hakusema kwamba gari litakuwa jingine nguzo ile ikiondolewa. Alisema anaitaka nguzo ile. Seremala akimchongea nyingine kwa kipimo kile kile, hata akiisugua kwa msasa mahali pale hadi ilainike kama ya zamani, atakuwa amemfanyia binti huyo jambo baya kuliko kuikata.

Wakazi wa Songea hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mji wao wenyewe unaitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo, mwaka huo. Zipo sanamu zao pale, na jina la nduna limo katika kila barua inayoingia na kutoka mjini. Jina halikukatika, umbo lipo, kumbukumbu ipo. Kwa mizani ya Mahakama Kuu ya Uingereza hapana kilichopungua. Lakini ukoo wake umekuwa ukishikilia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ndicho unachokitaka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akainama mbele ya wahenga hao, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho bila kuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Hakuna mtu mjini aliyempendekezea alete mfano wake.

Si adabu kulinganisha mfupa wa mtu na kizingiti cha gari, wala insha hii hailinganishi. Inachosema ni kwamba vipo vitu vinavyotumika na vipo vinavyoshuhudia. Kinachotumika hubaki chenyewe kwa umbo lake na kwa mwendo wake usiokatika, na kukibadilisha viungo ni kukifadhili. Kinachoshuhudia hakina mrithi. Thamani yake ni kwamba chenyewe, si mfano wake, kilikuwapo. Peramiho, kiasi cha kilomita 24 kutoka Songea, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 ilichomwa moto mwaka 1905 na ikajengwa upya. Hakuna anayeuliza kama ni Peramiho ile ile, kwa kuwa misheni ni ya kutumika. Ila tofali moja lililoungua, likipatikana leo, lingewekwa kabatini na lisingejengewa ukuta.

Tabu ya gari la kale ni kwamba ni mambo yote mawili kwa pamoja, tena mara nyingine ndani ya kipande kimoja. Nguzo ya kulia inabeba paa na inabeba kiganja. Likiachwa paa juu yake, litaanguka. Ikikatwa na kutupwa, shahidi amenyamazishwa. Wahifadhi wengine wa Ulaya wangedunga dawa ngumu ndani ya ubao uliooza ili usimame kama ulivyo, na kwa gari lisilotembea dawa hiyo hutosha. Hili linatakiwa litembee. Seremala wa Songea anashauri jambo la kiseremala: ukate nguzo mahali ambapo uzima unaanza. Chini, palipooza, patatiwa mninga, na vipande viwili vitaunganishwa kwa mkato wa mshazari mrefu, gundi na skrubu za shaba. Juu, kuanzia usawa wa kiwiko cha mtu mzima hadi paani, eshi ya zamani itabaki na ulaini wake. Kiunganisho hicho ni kazi ya siku mbili badala ya nusu siku, na hatazidisha ujira.

Vipande vilivyotolewa vimefungwa katika gunia na kuandikwa kwa chaki kila kimoja kimetoka wapi. Vile vipya vina mwaka uliochongwa kwa ncha ya patasi upande wa ndani, ambako bamba la aluminiamu litaufunika na fundi mwingine, miaka 40 baadaye, ataufunua. Linabaki jambo moja tu, na ndugu watatu wamesimama kulizunguka bila kupatana. Nguzo ya kulia sasa ina rangi mbili: juu imepauka kama mchanga wa pwani, chini ni nyekundu, na mstari wa mshazari unaonekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Liko kopo la rangi ya mbao linaloweza kuifanya eshi na mninga vionekane mti mmoja. Kaka wa pili amekwisha kulinunua. Seremala ameliweka rafuni, juu, nyuma ya makopo ya gundi, na anapaka vanishi nyeupe isiyo na rangi, akianzia chini.